Taifa lilipoingia chumbani

Ndani ya jumba la makumbusho la Alte Nationalgalerie mjini Berlin wamesimama dada wawili wa marumaru, Luise na Friederike, mabinti wa Mecklenburg walioolewa wiki moja na ndugu wawili, wana wa mfalme wa Prussia. Mchongaji Johann Gottfried Schadow aliikamilisha sanamu yao mwaka 1797. Wameegemeana kama dada wanavyoegemeana, gauni zao ni nyepesi, na chini ya kitambaa jicho linaona goti, nyonga na tumbo. Mwaka huohuo mume wa Luise akarithi kiti cha baba yake, akawa Mfalme Friedrich Wilhelm III. Sanamu haikumpendeza. Ikawekwa pembeni, ikakaa miaka mingi bila kuonwa na umma.

Inakuwaje mtu afiche sanamu ya mke wake mwenyewe, tena nzuri vile? Baba wa mfalme huyu alikuwa na mahawara waliojulikana na mji mzima, akawapa vyeo na majumba, na hakuna aliyeshangaa. Mtoto alitaka kuishi vingine: mke mmoja, watoto wengi, na ya ndani yabaki ndani. Kwa makabaila wa karne ya 18 huo ulikuwa mwenendo mgeni. Ndivyo walivyoishi wenye maduka, wachungaji na makarani wa serikali, watu wa tabaka la kati, mabwanyenye kama tulivyozoea kuwaita. Mfalme alikuwa anajifunza heshima kwa raia zake.

Mfanyabiashara wa mjini hakuwa na ngome wala ardhi ya urithi. Mtaji wake mkubwa ulikuwa jina lake. Alikopeshwa kwa sababu watu walijua kwamba hanywi kupita kiasi, hana nyumba ndogo, na binti zake wametulia. Staha hiyo ilimtofautisha na kabaila aliyekuwa juu yake, aliyetumia fedha na wanawake bila kuulizwa, na vilevile na kibarua wa chini, ambaye familia yake nzima ililala chumba kimoja. Kujizuia kukawa alama ya kwamba mtu anastahili kupewa nafasi serikalini na mjini.

Waganga wakaongeza hofu. Mwaka 1760 Samuel Tissot, daktari wa Lausanne, alichapisha kitabu juu ya punyeto kilichosomwa Ulaya nzima. Alidai kwamba anayeipoteza mbegu yake ovyo hupoteza nguvu za uhai, hukonda, akili humpotea, kisha hufa. Kisayansi hayakuwa na msingi. Lakini tazameni kilichobadilika: jambo lililokuwa dhambi, la kuungamwa kwa padri, sasa lilikuwa ugonjwa, na ugonjwa wa mtu mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa hasara ya nchi.

Hesabu hiyo ilianza kufanywa kwa dhati Prussia iliposhindwa vita. Tarehe 14 Oktoba 1806 jeshi lake lilivunjwa na Wafaransa huko Jena na Auerstedt, na kabla mwezi haujaisha Napoleon alikuwa ndani ya Berlin. Katika taarifa za vita alizozitangaza, alimdhihaki Malkia Luise na kuichafua sifa yake kama mke. Luise alikimbilia mashariki na watoto wake. Julai 1807 alionana na Napoleon uso kwa uso huko Tilsit kuombea nchi yake, asipate kitu. Prussia ikapoteza karibu nusu ya ardhi yake. Miaka mitatu baadaye malkia akafariki, akiwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amezaa watoto 10.

Hapo ndipo mwanamke yule wa gauni jepesi alipogeuzwa kitu kingine. Christian Daniel Rauch alimchongea kaburi huko Charlottenburg, amelala, macho yamefumbwa, na watu wakaanza kulizuru kama wanavyozuru makaburi ya watakatifu. Nishani ya Msalaba wa Chuma iliwekewa tarehe ya siku yake ya kuzaliwa, 10 Machi 1813. Mwaka 1814 mumewe akaanzisha Nishani ya Luise kwa wanawake waliolihudumia taifa wakati wa vita. Luise akawa mama wa Prussia, kisha mama wa Ujerumani yote. Napoleon alikuwa ameishambulia sifa ya mwanamke mmoja, na tangu hapo wazalendo wakaichukua sifa ya kila mwanamke kuwa mpaka wa nchi unaohitaji kulindwa. Mpaka haujilindi wenyewe, wala hauulizwi unataka nini. Nikisoma historia hii, jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa wanaume kulikuwa na Friedrich Ludwig Jahn. Mwaka 1811 alifungua uwanja wa mazoezi ya viungo kule Hasenheide, nje ya Berlin, vijana wakapanda nguzo, wakaruka vihunzi, wakavaa kitani kisichopaushwa ili mtoto wa tajiri na wa maskini wafanane. Alikuwa akiandaa vita vya kuwatoa Wafaransa, na alimtaka kijana wake awe hodari na pia awe amejitunza, hajaguswa. Mwili wenyewe uliosifiwa ulitoka katika sanamu za Wayunani, kama alivyozieleza Johann Joachim Winckelmann katika kitabu chake cha mwaka 1764: uzuri uliotulia, usio na tamaa. Winckelmann aliwapenda wanaume. Macho yaliyowafundisha Wajerumani kumtambua mwanamume kamili yalikuwa ya mtu ambaye sheria ya taifa lao ingekuja kumfunga.

Sheria yenyewe haikuwa lazima. Ufaransa ilifuta adhabu ya mapenzi ya jinsia moja kwa watu wazima mwaka 1791. Bavaria nayo iliifuta mwaka 1813, katika kanuni ya adhabu iliyotungwa na Anselm von Feuerbach, aliyeshikilia kwamba serikali huadhibu madhara yanayomfika mtu mwingine, haina kazi ya kuadhibu dhambi. Hanover ikafuata njia hiyo. Prussia ndiyo iliyong'ang'ania, na Prussia ndiyo iliyokuwa ikiwameza wenzake.

Karl Heinrich Ulrichs, mwanasheria wa Hanover, aliona mapema. Prussia ilipoichukua nchi yake mwaka 1866 alipinga hadharani, akafungwa gerezani. Alipotoka, akaenda Munich, na tarehe 29 Agosti 1867 akasimama katika ukumbi wa Odeon mbele ya mkutano wa wanasheria wa Ujerumani, watu zaidi ya 500, akaomba sheria za kuwatesa watu wa namna yake ziondolewe. Alikuwa ametimiza miaka 42 siku iliyotangulia. Wakapiga kelele. Akatakiwa aendelee kwa Kilatini ili maneno yasichafue masikio. Akashuka jukwaani bila kumaliza. Sijui ushujaa mkubwa zaidi ya huo katika karne ile, na haukuwa na bunduki ndani yake.

Miaka miwili baadaye wizara ya Prussia iliwauliza madaktari wake wakuu, akiwemo Rudolf Virchow, na wao wakajibu kwamba kitabibu hawaoni sababu ya kuadhibu tendo hili huku mengine yakiachwa. Jibu likawekwa kando. Serikali ikasema kwamba sheria itabaki kwa sababu watu, kwa hisia zao za haki, wanaliona tendo hilo kuwa kosa. Hoja ya afya ilikwisha kuanguka, na ya madhara haikuwepo. Ilibaki hisia ya watu wenye heshima, ikavishwa joho la sheria. Dola ya Ujerumani ikazaliwa mwaka 1871, na tarehe 1 Januari 1872 Kifungu cha 175 kikaanza kutumika nchi nzima. Mwanamume wa Munich aliyelala usiku wa kuamkia siku ile akiwa raia safi, asubuhi aliamka mhalifu, na kilichomfanya mhalifu ni umoja wa taifa.

Uingereza ilipita njia yake yenyewe kufika palepale. Vita dhidi ya Makaburu, 1899 hadi 1902, vilifichua vijana wengi wa mijini waliokataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili, na hofu ikaenea kwamba kizazi kinaoza. Robert Baden-Powell, aliyerudi kutoka vita hivyo akiwa shujaa, alitoa kitabu chake cha maskauti mwaka 1908, na kati ya masomo ya kufunga mafundo na kufuata nyayo aliweka onyo dhidi ya punyeto, lilelile la Tissot, miaka karibu 150 baadaye. Baden-Powell alikuja kuishi Nyeri na akazikwa huko mwaka 1941. Waingereza hawakuacha skauti peke yake: kanuni za adhabu walizoziandikia Kenya na Tanganyika mwaka 1930 zilibeba pia makatazo yao ya chumbani.

Turudi Berlin. Mwaka 1906 mkutano wa Algeciras kuhusu Morocco ulimalizika vibaya kwa Ujerumani. Mwandishi Maximilian Harden, mwenye jarida la Die Zukunft, alitafuta wa kulaumiwa, akamwona Mwanamfalme Philipp zu Eulenburg, rafiki wa karibu wa Kaisari Wilhelm II. Eulenburg na wenzake walipendelea amani. Harden akaanza kudokeza, kisha kusema wazi, kwamba wanaume wale wanapendana, na kwamba ulaini wa kitandani umekuwa ulaini wa sera. Kuanzia Oktoba 1907 mahakama zilijaa. Jenerali Kuno von Moltke, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Berlin, aliona ndoa yake ikifunuliwa mbele ya wasomaji wa magazeti. Eulenburg alifika mahakamani mwaka 1908 akiwa mgonjwa, kesi ikaahirishwa, isiishe hadi alipokufa mwaka 1921. Baada ya kesi hizo, mtu wa amani aliogopa kuitwa mwanamke.

Mbinu ile ilivuka bahari ikatua Dar es Salaam. Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyeshika kazi mwaka 1906 katika kipindi cha vita vya Majimaji, alijua Kiswahili, na aliamini kwamba uchumi wa koloni utasimama kwa mkulima Mwafrika na mfanyabiashara wa Kihindi. Walowezi wakamchukia. Gazeti lao, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, likaeneza minong'ono juu ya gavana na watumishi wake wa kiume wa Kiafrika, na mambo yakaishia kortini. Utawala uleule, mwaka 1906, ulikuwa umepiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na Waafrika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Masuria walivumiliwa, kwa kuwa suria hazai Mjerumani. Mke wa halali ndiye aliyewatisha.

Wanawake wa Ujerumani waliuelewa mchezo. Sheria ya madai iliyoanza mwaka 1900 ilimpa mume neno la mwisho katika mambo yote ya ndoa, huku polisi wakiwaandikisha makahaba na kuwapima bila kuwagusa wateja wao. Helene Stöcker na wenzake walianzisha mwaka 1905 chama cha kuwatetea kina mama waliozaa nje ya ndoa, watu ambao taifa lilidai kuwatukuza kama mama na likawafukuza mlangoni. Rasimu ya kanuni mpya ya adhabu ya mwaka 1909 ilipotaka Kifungu cha 175 kiwaguse na wanawake, walipinga.

Daktari Magnus Hirschfeld alikuwa akikusanya saini dhidi ya kifungu hicho tangu mwaka 1897, na mwaka 1919 akafungua taasisi yake ya elimu ya jinsia karibu na bustani ya Tiergarten. Oktoba 1929 kamati ya bunge ilipiga kura kukifuta, 15 kwa 13. Ilikuwa karibu hivyo. Kisha uchumi ukaanguka, taifa likaogopa tena, na tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi wakaivamia taasisi. Siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa hadharani.

Septemba 1935 Wanazi wakatangaza sheria iliyokataza ndoa na mapenzi kati ya Myahudi na Mjerumani. Nyumba ya Kiyahudi ilikatazwa hata kumwajiri mtumishi wa Kijerumani wa kike aliye chini ya miaka 45. Jina la sheria hiyo lilikuwa Sheria ya Kulinda Damu ya Kijerumani na Heshima ya Kijerumani. Heshima, neno lile la mwenye duka, la mkopo na jina jema, lilikuwa limefika pale. Mwaka huohuo Kifungu cha 175 kilikazwa, na mwaka 1936 ikaundwa ofisi moja ya kupambana na mapenzi ya jinsia moja pamoja na utoaji mimba, kwa sababu hesabu ilikuwa ileile: watoto ambao taifa halikuwapata. Akina mama wenye watoto wanne walipewa msalaba wa shaba, wenye sita wa fedha, wenye wanane wa dhahabu. Wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa. Maelfu walipelekwa kambini wakiwa na pembetatu ya waridi kifuani.

Mvulana mmoja wa miaka 14 alikuwa amekwisha kuvuka Ziwa Konstanz kwenda Uswisi mwaka 1933. George Mosse alikuwa Myahudi, wa ukoo uliomiliki magazeti makubwa ya Berlin, na alikuwa akiwapenda wanaume. Alikuja kuwa profesa wa historia Marekani, na mwaka 1985 alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba utaifa na heshima ya tabaka la kati vilikua pamoja Ulaya, kila kimoja kikimlinda mwenzake. Alikuwa anaeleza kilichomfukuza kwao.

Vita vilipokwisha, sheria za damu zilifutwa na mataifa yaliyoshinda, lakini Kifungu cha 175 Ujerumani Magharibi ilikiacha vilevile kama Wanazi walivyokikaza. Wanaume wawili waliohukumiwa walikwenda Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe. Tarehe 10 Mei 1957, miaka 24 kamili tangu vitabu vya Hirschfeld viteketezwe, mahakama iliwajibu kwamba tendo lao linakwenda kinyume cha maadili, na kifungu kinasimama. Wengine wapatao 50,000 walihukumiwa kabla hakijalegezwa mwaka 1969. Kilifutwa kabisa mwaka 1994. Hukumu za baada ya vita zilibatilishwa mwaka 2017, na walioathirika wakaahidiwa euro 3,000 kwa kila hukumu, na euro 1,500 kwa kila mwaka ulioanza gerezani. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa, baadhi na siri yao, katika miji ambayo majirani waliwajua kama watu wenye heshima.