Mshauri wa Sheria Mbele ya Sheria

Tarehe 8 Mei, 1983, Rais Daniel arap Moi wa Kenya alihutubia mkutano wa hadhara huko Kisii, akasema kuwa mataifa ya kigeni yalikuwa yakimwandaa mtu fulani ili ashike uongozi wa nchi. Hakumtaja mtu huyo. Kwa majuma kadhaa neno "msaliti" likatawala mabaraza na masoko, kila mtu akimtazama jirani yake kwa shaka. Mwezi Juni, ndani ya Bunge, Waziri Elijah Mwangale alilitamka jina ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona: Charles Mugane Njonjo, Waziri wa Mambo ya Katiba.

Jina hilo halikuwa la mtu mdogo. Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu tangu Uhuru mwaka 1963 hadi 1980, na kwa cheo hicho alikuwa ndiye mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria. Wananchi walimfahamu kwa suti zake za Kiingereza na ua kifuani. Walimfahamu zaidi kwa kauli zake. Oktoba 1976, baadhi ya viongozi walipotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka Rais akifariki, Njonjo aliwaonya kuwa kuwaza au kuzungumzia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Kampeni ile ikazimika. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti, 1978, Moi alishika madaraka kwa njia ile ile aliyoilinda Njonjo.

Basi miaka mitano baadaye, mlinzi wa kiti alishtakiwa kuwa anakinyemelea. Wahenga walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Namna umma ulivyoipokea habari hiyo yafaa kutazamwa kwa makini. Matawi ya chama cha KANU yalimlaani. Viongozi waliokuwa wakiitafuta hisani yake walishindana kumkana, na aliyechelewa kumkana aliogopa kuhesabiwa pamoja naye. Walioaminika kuwa wafuasi wake waliandamwa, na mwaka 1984 baadhi yao walifukuzwa katika chama. Yote hayo yalianza kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Hata hivyo si haki kudai kwamba hasira yote ilikuwa ya unafiki. Wako waliokuwa na sababu. Kwa miaka mingi sheria ya usalama wa umma iliruhusu mtu kuwekwa kizuizini pasipo kufikishwa mahakamani. Mbunge Martin Shikuku alikamatwa katika eneo la Bunge Oktoba 1975, akakaa kizuizini hadi 1978. Kwa watu wa namna hiyo, kumwona mshauri mkuu wa sheria akiulizwa maswali lilikuwa jambo la kufariji. Hawakuwa wakiuliza kama Njonjo alitaka urais. Waliuliza kama sheria aliyoisimamia juu ya wengine ingemgusa na yeye.

Mwishoni mwa Juni Rais alimsimamisha kazi, na Njonjo akajiuzulu ubunge. Iliundwa Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Cecil Miller, pamoja na Jaji Chunilal Madan na Jaji Effie Owuor. Mwaka 1984 Tume ilisikiliza ushahidi hadharani. Njonjo alikuwa na mawakili, mashahidi walihojiwa pande zote mbili, na magazeti yakachapa maneno yao. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni jaribio la kuipindua serikali ya Shelisheli la Novemba 1981 na lile la Kenya la tarehe 1 Agosti, 1982. Tume iliona kuwa alitumia vibaya madaraka yake. Tarehe 12 Desemba, 1984, Sikukuu ya Jamhuri, Rais alitangaza msamaha. Njonjo hakufikishwa mahakamani. Aliishi raia huru hadi alipofariki Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 101.

Mambo hayo ya Nairobi yana maana ya pekee kwa watu wa pwani ya kaskazini. Wabajuni ni watu wamoja kutoka Kismayo, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula hadi Kiunga na Lamu, ingawa mpaka uliwagawa tangu 1925, Uingereza ilipoikabidhi Jubaland kwa Italia. Vita vya Shifta vilipowaka kati ya 1963 na 1967, vijiji vya Wabajuni vya bara upande wa Kenya vilihamwa. Watu waliacha mashamba na visima, wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Wilaya ya Lamu iliwekwa chini ya sheria za dharura pamoja na Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Kisha mwaka 1970 ilipitishwa Sheria ya Kinga, iliyozuia watumishi wa serikali kushtakiwa mahakamani kwa waliyoyatenda huko katika miaka ile. Wakati huo Njonjo ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu.

Tofauti ni dhahiri. Waziri aliyetuhumiwa alipata majaji watatu, mawakili, na nafasi ya kujibu. Mvuvi aliyepoteza nyumba au ndugu katika pwani ile alikuta mlango wa mahakama umefungwa kwa sheria iliyoandikwa. Tume ya Miller haikuundwa kumsikiliza mvuvi huyo, na umma uliopiga kelele mwaka 1983 haukupaza sauti kwa ajili yake. Ulidai msaliti wa kiti aulizwe. Wanyonge walioumizwa hawakutajwa.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa hasira ya umma. Huwaka upesi dhidi ya mkubwa aliyekwisha kuanguka, na hunyamaza angali amesimama. Hasira yenye manufaa ni ile inayouliza mapema, wakati mshauri bado ana kalamu mkononi: sheria hii itamfunga nani, na itamwacha nani? Wakenya wangaliuliza hivyo mwaka 1966 au 1970, huenda mwaka 1983 usingalihitaji kumtafuta msaliti. Haki aliyopewa Njonjo, ya kusikilizwa mbele ya watu, haikuwa kubwa mno kwake. Kosa ni kwamba ilihesabiwa kuwa fadhila ya mkubwa, ilhali ilikuwa haki ya kila mtu, hata yule wa mwisho katika mashua ya mwisho.