Bumbire: Kata ya Muleba ambayo barabara yake ni ziwa

KATA ya Bumbire ni moja ya kata za visiwani katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Nyingine ni Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga. Zote zimo ndani ya Ziwa Victoria, na hakuna njia ya kuzifikia isipokuwa majini.

Wilaya ya Muleba ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,700, lakini nchi kavu ni takriban kilomita za mraba 3,400 tu. Sehemu iliyobaki, yaani karibu theluthi mbili ya wilaya nzima, ni maji. Kwa hiyo anayeielezea Muleba kwa kutaja migomba na kahawa peke yake huwa ameacha sehemu iliyo kubwa zaidi.

Kisiwa cha Bumbire ni kirefu na chembamba, nacho kipo kusini mwa mji wa Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa. Miamba ya ukanda huo ni ya mawe ya mchanga, ambayo wanajiolojia wameipa jina la Bukoba. Ndiyo iliyojenga majabali yanayoonekana kando ya ziwa kuanzia Bukoba kwenda kusini.

Juu ya miamba hiyo udongo si mwingi. Migomba, mihogo na viazi vitamu hulimwa pale udongo unaporuhusu, lakini kibanja cha kisiwani hakilingani na kile cha Kamachumu au Nshamba. Chakula kingi na karibu vifaa vyote vya ujenzi huvushwa kutoka ng'ambo.

Mvua si tatizo. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, wastani wa takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei. Jambo linalowasumbua wakazi wa visiwani ni saa za mvua hiyo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu inapopoa, upepo hugeuka na kukutana juu ya maji yenye joto. Ndiyo maana dhoruba na radi hutokea zaidi usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wako kazini.

Historia ya kisiwa

Jina la Bumbire lilifika Ulaya na Marekani mwaka 1875. Aprili 28 mwaka huo, Henry Morton Stanley, aliyekuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake ya Lady Alice, alitia nanga kisiwani kutafuta chakula. Wenyeji waliikokota mashua hadi nchi kavu na kuchukua makasia yake. Stanley na watu wake waliponyoka huku wakifyatua risasi.

Agosti 4, 1875, alirudi na kundi kubwa la mitumbwi, akawashambulia kwa bunduki wenyeji waliojipanga ufukweni na kuwaua kwa makumi. Taarifa zake mwenyewe zilipochapishwa katika magazeti yaliyomfadhili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la London, zilizusha lawama kali nchini Uingereza.

Wakati huo Bumbire ilikuwa chini ya himaya ya Ihangiro, mojawapo ya falme za Wahaya, ambayo makao yake yalikuwa nchi kavu. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani mjini Bukoba, na leo makao ya wilaya yako Muleba mjini. Tangu enzi hizo, uamuzi mkubwa kuhusu kisiwa umekuwa ukitolewa ng'ambo ya maji.

Maisha ya mialoni

Uchumi wa kata unategemea dagaa na sangara. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, samaki hao hawaifuati taa, nao wavuvi hupumzika. Kwa miaka mingi taa zilikuwa karabai za mafuta, kabla ya zile za umeme wa jua kuenea. Asubuhi dagaa huanikwa, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa hufanywa na wanawake. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo hupoteza thamani.

Sangara si samaki wa asili wa ziwa hilo. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kuanzia miaka ya 1980 alienea na kupunguza sana aina nyingi za furu. Minofu yake huuzwa nje ya nchi, mabondo yake husafirishwa hadi China, na wale wanaotiwa chumvi na kukaushwa, maarufu kwa jina la kayabo, hupata soko nchini Kongo.

Wavuvi hufuata samaki. Mwalo unaojaa watu mwezi huu unaweza kubaki na vibanda vitupu mwezi ujao, kundi likiwa limehamia kisiwa kingine. Pamoja na Wahaya, mialo hiyo hukusanya Wakerewe, Wajita, Wasukuma na wengine. Si rahisi kupanga idadi ya madawati, vyoo au dozi za dawa kwa watu wasiotulia mahali pamoja, na hilo ni zito mahali ambapo kichocho na Ukimwi ni hatari kubwa kuliko katika jamii nyingi zisizo za wavuvi.

Hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo zote ziko nchi kavu. Mama mjamzito ambaye uchungu wake umekwama hawezi kufika huko bila kuvuka ziwa. Ikiwa ni usiku, uamuzi wa kuondoka au kusubiri hutegemea upepo, injini ya boti na mafuta yaliyopo.

Hatari za safari hizo zinafahamika. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya abiria walikufa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walipoteza maisha. Wa kwanza kuwafikia manusura walikuwa wavuvi wakiwa na mitumbwi yao.

Huko visiwani hali ni hiyo hiyo. Boti inapopata ajali, msaada wa kwanza hutoka kwa mvuvi aliye karibu. Jaketi la kuokolea, boti ya wagonjwa na taarifa ya hali ya hewa inayofika mwaloni kabla ya jua kuzama ni kwa kata kama Bumbire kile ambacho daraja na barabara ya lami ni kwa kata za nchi kavu.