Mwethya, Harambee na Wakfu: Historia ya Utoaji katika Kitui na Makueni

Neno "wakfu" limezoeleka siku hizi katika Kiswahili cha Kenya kuwa jina la taasisi itoayo mali kwa ajili ya elimu, sanaa au hisani. Yafaa kuuliza iwapo neno hilo laieleza sawasawa historia ya utoaji katika Kitui na Makueni, ambako shughuli hiyo ilikuwa na jina lake kabla ya wakfu kutajwa huko. Makala haya yanadai kwamba haliielezi mpaka lisomwe pamoja na maneno mawili yaliyolitangulia, yaani mwethya na harambee. Kwani kila moja humweka mtoaji mahali tofauti.

Mwethya ni neno la Kikamba. Asili yake ni kundi la majirani na jamaa walioitwa na mwenye kazi wamsaidie kulima au kujenga, naye akawapa chakula, akijua kwamba siku nyingine ataitwa yeye. Hapa mtoaji na mpokeaji ni watu wale wale kwa zamu. Kazi iliendeshwa kwa nyimbo. Kwa hiyo sanaa haikungoja kufadhiliwa, bali ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililitwaa neno hili na kulitumia kwa makundi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumlisha Makueni. Jina likabaki lile lile, lakini mwenye kuita hakuwa tena jirani.

Harambee ni neno lililotoka pwani, mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa. Lilipofika Ukambani halikukuta uwanja mtupu. Lilikuta mwethya, likajengwa juu yake. Shule nyingi za sekondari zilisimamishwa kwa michango ya wanakijiji, kama walivyoeleza Mbithi na Rasmusson katika kitabu chao juu ya harambee kilichochapwa Uppsala mwaka 1977. Hata hivyo, harambee ilileta jambo geni: mchango ulitangazwa hadharani, na mgeni wa heshima akapata sifa iliyozidi ya yule aliyebeba mawe. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003, iliyowazuia kutumia vyeo vyao kukusanya michango, ni ushahidi kwamba kasoro hiyo ilikwisha kutambuliwa.

Mfano ulio wazi ni Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojulikana kwa kifupi kama UKAI, ambayo ni tunda la vuguvugu la harambee la kuanzisha vyuo vya ufundi. Mwaka 2008 taasisi hiyo ilirithiwa na chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye kampasi kuu Kwa Vonza, Kitui. Hivyo chuo kikuu cha umma kina mizizi katika michango ya raia.

Wakfu, kwa upande wake, ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili kwa njia ya sheria ya Kiislamu. Maana yake ya asili ni kusimamisha: mali husimamishwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakaendelea. Mtoaji hujitenga na mali yake, na mpokeaji hana zamu ya kutoa. Lakini huko Kitui taasisi ya SASOL, yenye jina la wakfu na ambayo Profesa G-C. M. Mutiso alikuwa miongoni mwa waasisi wake, ilifanya kazi kwa namna nyingine. Tangu miaka ya 1990 imejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokatiza mito ya msimu ili mchanga ujae na kuhifadhi maji. Taasisi ilileta saruji na utaalamu. Wanakijiji walileta mawe, mchanga na nguvu zao. Jina ni la wakfu, bali utendaji ni wa mwethya.

Hoja hii si ya msamiati peke yake. Kumbukumbu za wakfu huhifadhi jina la mwenye fedha, na zikiwa ndizo pekee zitakazosomwa, waliotoa siku zao za kazi watahesabiwa kuwa wapokeaji tu. Kwa hiyo watunzi wa kamusi yawapasa kuingiza maana hii mpya ya wakfu pamoja na historia yake, na idara za lugha zikusanye nyimbo za mwethya na daftari za kamati za shule wakati wazee wanaozikumbuka wangali hai.