Kampuni ya Bakhresa: Kutoka Mgahawa Mdogo hadi Viwanda vya Unga na Vitafunwa

Kampuni ya Said Salim Bakhresa, inayofahamika zaidi kwa chapa yake ya Azam, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa unga na vyakula nchini. Biskuti, mikate, aiskrimu na juisi zake zimeenea hadi katika maduka ya Kariakoo, Jijini Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wa mikoani hufika kununua bidhaa kwa jumla.

Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa Zanzibar. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kuanza kuuza mchanganyiko wa viazi. Katikati ya miaka ya 1970 alifungua mgahawa mdogo Jijini Dar es Salaam. Ni kipindi hicho ambapo jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975.

Wakati huo usagaji mkubwa wa nafaka ulikuwa mikononi mwa umma. Kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, vinu vikubwa vilitaifishwa na baadaye kuwekwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC). Katika miaka ya 1980 milango ilianza kufunguliwa kwa sekta binafsi, na Bakhresa akaingia katika usagaji wa ngano.

Hatua hiyo ndiyo iliyoamua mustakabali wa kampuni. Mwenye kinu hupata unga wa biskuti na mikate yake bila kutegemea msagaji mwingine, na wakati huohuo humuuzia unga mama lishe anayepika chapati na kukaanga maandazi. Kwa njia hiyo, kiwanda kikubwa na jiko la mtaani hutegemea gunia lilelile. Baadaye kampuni ilipeleka shughuli za usagaji katika nchi nyingine, zikiwamo Uganda, Malawi, Msumbiji na Rwanda.

Usalama wa vyakula vinavyozalishwa viwandani husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019. Mnunuzi anapaswa kukagua alama ya ubora na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa.

Changamoto iliyobaki ni malighafi. Ngano hulimwa Manyara, Arusha, Kilimanjaro na Nyanda za Juu Kusini, lakini sehemu kubwa ya inayosagwa nchini huagizwa kutoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Kadiri mavuno ya ndani yatakavyoongezeka, ndivyo andazi la Mtaa wa Kongo litakavyopungua kutegemea bei za masoko ya mbali.