Imani na sindano chini ya Mlima Elgon

Septemba 2017 mwindaji mmoja wa wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, alishikwa na homa kali, akatapika na kuharisha. Dawa za malaria hazikumfaa. Alikufa hospitalini, na mwili wake ukazikwa kwa taratibu za kwao kabla ya yeyote kuchukua sampuli. Dada yake aliyemuuguza alishiriki mazishi hayo. Mwezi uliofuata naye akaugua, akavuja damu, akafa, na safari hii sampuli ilichukuliwa. Tarehe 17 Oktoba maabara ya Entebbe ilitoa jibu: ni virusi vya Marburg.

Kulikuwa na ndugu wa tatu. Huyu alisaidia kumpeleka dada yake hospitalini, lakini yeye mwenyewe alipoanza kuumwa alikataa kulazwa. Kabla hajafa alivuka mpaka akaingia Kenya, na ghafla maafisa wa afya wa Trans Nzoia na West Pokot walijikuta wakisaka kila mtu aliyemgusa ili afuatiliwe kwa siku 21. Barabara ya Kapchorwa hadi Suam, inayoendelea mpaka Endebess na Kitale, hutumiwa kila siku na wachuuzi wa mahindi, wafugaji na waombolezaji ambao koo zao ziko pande zote mbili za mpaka. Kwa bahati, na kwa kazi ya watu wengi, ugonjwa haukushika Kenya. Tarehe 8 Desemba Uganda ilitangaza kuwa mlipuko umekwisha.

Ni rahisi kumlaumu yule ndugu wa tatu na kusema kwamba ushirikina ulimtia woga wa hospitali. Lakini hebu tuyatazame mambo kwa macho yake: ndugu wawili wamepelekwa hospitali, na wote wawili wametoka wakiwa maiti. Wala si kweli kwamba ugonjwa huu huwaandama wasioamini sayansi tu. Januari 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alikufa Nairobi baada ya kuzuru pango la Kitum, ndani ya Mbuga ya Mlima Elgon. Daktari aliyempokea, Shem Musoke, aliambukizwa papo hapo akiwa kazini. Alinusurika, na hadi leo aina ya virusi iliyotengwa kutoka damu yake inaitwa Musoke katika maabara za dunia. Mwaka 1987 mvulana wa Denmark wa miaka 15 naye alitembelea Kitum, akaugua, akafa.

Kitum ni pango ambalo ndovu huingia gizani usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mapango kama hayo yalikuwa nyumba za Waelgony, wenyeji wa mlima, waliokaa humo pamoja na mifugo yao, na mvumbuzi Joseph Thomson alipopita miaka ya 1880 alistaajabu. Mwaka 1988 watafiti wa Kimarekani walipanda na vifaa vyao, wakavaa mavazi ya kujikinga, wakanasa wanyama na wadudu, na hawakuambulia virusi. Ilichukua karibu miaka 20 mingine kabla wanasayansi hawajavipata kwa popo walao matunda wa pango hilohilo. Sayansi nayo husafiri gizani ikipapasa, ingawa ni nadra wanakijiji kuelezwa jambo hilo.

Kutoaminiana kati ya wanakijiji na madaktari kulianza zamani, wala hakukuanzia pangoni. Elijah Masinde, Mbukusu mzaliwa wa Maeni karibu na Kimilili, Bungoma, aliwahi kuwa Mkweka na mchezaji wa mpira aliyesifika. Baadaye alianzisha Dini ya Msambwa, ambayo waumini wake waliutazama Mlima Elgon kama Sayuni yao na kuwaheshimu mababu waliokataliwa na wamisheni. Mwaka 1944 aligoma kung'oa magugu kama serikali ya kikoloni ilivyoamuru. Mwaka uliofuata alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi, akawekwa humo hadi 1947. Februari 1948 polisi wakafyatua risasi Malakisi, wafuasi wake 11 wakafa, na dini ikapigwa marufuku.

Fikiria Mbukusu wa enzi hizo aliyesikia kwamba nabii wake amepelekwa kwa daktari. Kwake koti jeupe na sare ya polisi vilikuwa kitu kimoja.

Hata hivyo Bungoma haikuikimbia dawa. Waliowaletea watu wengi kitanda cha hospitali na chanjo ya mtoto walikuwa watu wa dini wenyewe: Wakweka wana hospitali ya Lugulu, Wakatoliki wana ya Misikhu. Ndiyo maana nguvu ya kasisi juu ya sindano ni kubwa katika eneo hili. Mama haendi kwa mtaalamu. Anakwenda hospitali ya kanisa lake.

Nguvu hiyo ilionekana ilipogeuzwa. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda, iliyokusudiwa wanawake wa umri wa kuzaa, ilikuwa imetiwa homoni ya kuharibu mimba. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mwaka 2015 maaskofu wakawaambia waumini wasusie pia chanjo ya polio mpaka ipimwe. Katika nchi ambamo kanisa hilo lina mamia ya vituo vya afya, hayo hayakuwa maneno ya pembeni. Ni haki kudai vipimo. Kutia hofu kabla ya vipimo kukubaliwa na pande zote ni jambo jingine, na gharama yake hulipwa na mtoto mchanga anayekakamaa misuli kwa pepopunda.

Korona ilipokuja Machi 2020, nyumba za ibada zilifungwa. Safari hii serikali ilifanya jambo la maana: iliunda baraza la dini mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria, na viongozi hao ndio walioandika kanuni za kufungua tena. Julai ibada zilirudi kwa watu 100 tu, saa moja tu, wenye umri wa miaka 13 hadi 58. Wazee walilalamika sana. Hata hivyo, katazo lilitoka kwenye kinywa wanachokiheshimu.

Machi 2021 chama cha madaktari Wakatoliki kikapinga chanjo ya korona, na mwenyekiti wake, Daktari Stephen Karanja, akapendekeza kujifukiza na dawa nyingine. Maaskofu wakajitenga naye, wakasema chanjo inakubalika kimaadili. Karanja alifariki kwa korona mwishoni mwa Aprili. Na mwanamke wa Kitale au Kimilili aliyeikataa sindano ya pepopunda kwa kulitii baraza la maaskofu mwaka 2014, sasa alitakiwa kuikubali ya korona kwa kulitii baraza lilelile.