Miimo ya Unguja Iliyofika Ughaibuni



Mwaka 1939 alishuka Unguja mchoraji wa Afrika Kusini, Irma Stern. Alizaliwa mwaka 1894, wazazi wake Wajerumani wa Kiyahudi, na sanaa aliisomea Ujerumani. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wanazi, na kwa Myahudi mlango wa kule ulikwishafungwa. Wetu ulikuwa wazi. Kwetu alikuta bahari na majahazi, wazee wenye vilemba, vichochoro na milango ya nakshi, na mkono wake ukapata nguvu mpya. Alirudi tena mwaka 1945, na mwaka 1948 akatoa kitabu alichokiita Zanzibar. Picha yake moja ya mzee wa Kiarabu, ya mwaka 1945, iliuzwa London mwaka 2011 kwa pauni zaidi ya milioni 3.

Lipo jambo linalotugusa sisi. Baadhi ya picha hizo alizitia fremu za mbao za nakshi zilizotoka kwenye milango ya Unguja. Picha inapouzwa, mbao zetu huenda nayo. Zilizobaki Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zinaliwa na mvua, chumvi na mchwa.

Mgeni aliona thamani ya kitu tulichokizoea. Mchango wako wa mwaka huu uwasaidie mafundi wetu kuitengeneza milango hiyo ingali kwenye nyumba zake. Haba na haba hujaza kibaba.