Herufi Mbili Chini ya Barua

Ukipata barua ya ofisi iliyopigwa chapa hapa Nakuru kabla ya kompyuta kuenea, itazame pale chini, upande wa kushoto. Utakuta herufi kubwa tatu, mkwaju, halafu herufi ndogo mbili: PNK/mh. Zile kubwa ni za bosi aliyetunga maneno. Zile ndogo ni za aliyechapa. Za kwangu zilikuwa mh, na wenzangu walinitania kwamba kila barua inayotoka mezani kwangu nimeigunia. Tarehe ikikosewa, mkubwa hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Aliteremsha macho tu, kisha nikasikia jina langu likiitwa koridoni.

Nina miaka 67, na hapa mtaani Bondeni watoto wa watoto wa wateja wangu bado wananiita Mama Taipu. Siku hizi hawapiti bila kuniuliza kuhusu mashine zinazotunga maneno zenyewe. Teknolojia hiyo Watanzania wameamua kuiita akili mnemba, hapa kwetu wengine wanasema akili unde, wengine akili bandia, na vijana wa saiba, vile vibanda vya intaneti, wanasema ei-ai na kazi inaendelea. Wanachotaka kujua ni kama itawala, kwa vile wanadhani mimi nilishaliwa. Huwa nawaambia wakae kwanza, maana habari yenyewe ni ndefu na inaanza kabla sijazaliwa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, walowezi wakafuata, mashamba yakahitaji watu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kubaleghe akalazimishwa kubeba kipande: jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri, siku aliyoingia kazini, na sahihi ya kumruhusu aondoke. Babu yangu alikivaa shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Maandishi hayakumtisha, alikuwa amesoma chuo cha Kurani na aliandika kwa herufi za Kiarabu bila taabu. Kilichomchoma ni kwamba karatasi ile ilimsema yeye, na yeye hakuwa na njia ya kuijibu. Mwenye shamba akikataa kutia sahihi ya kuondoka, wewe ni mtoro, na mtoro anatafutwa.

Kwa watu kama hao ndipo waandishi wa barua walipopata riziki. Ami yangu alikuwa mmoja wao, na meza yake ya mbao na kalamu ya kuchovya. Mteja alieleza shida yake, ami akaandika, kisha akamsomea mara mbili au tatu mpaka aitikie. Watu walimlipa kwa kujua ofisi gani hupenda kusikia nini, na pia kwa kuwa alipatikana. Barua ikileta balaa, mwenyewe anajua pa kwenda kesho asubuhi.

Mimi nilisomea kupiga chapa mwaka 1978, katika vyumba viwili vya ghorofani. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusitazame vibonye: a-s-d-f, a-s-d-f, mpaka vidole vikafanya kazi hata usingizini. Hatimkato ya Pitman ilinitoa machozi. Wakati huo Nakuru ulikuwa mji wa makaratasi, hata kama watu wanaukumbuka kwa ngano na flamingo. Kulikuwa na chama cha wakulima, KFA, kulikuwa na Bodi ya Pareto wakati Kenya ikiongoza dunia kwa zao hilo, kulikuwa na reli, mabenki, mawakili, mahakama. Kila mlango una taipureta ndani, na saa nne asubuhi ukipita barabarani unazisikia zikitatarika.

Ngoja niwaonyeshe kazi yenyewe, maana vijana wanadhani ilikuwa kubonyeza tu. Unapanga karatasi nzuri juu, kaboni, karatasi nyepesi, kaboni, nyepesi tena, mpaka nakala tano. Unaziingiza zote kwa pamoja kwenye rola, unazinyoosha zisipinde. Unachapa. Kengele ndogo inalia ukikaribia ukingo wa ukurasa, unasukuma mkono wa chuma, mstari unashuka. Sasa kosea herufi moja. Hiyo ya juu unaikwangua kwa ncha ya wembe, taratibu kama unaondoa mwiba kwenye kidole cha mtoto, usije ukatoboa. Kisha unaweka kipande cha karatasi nyuma ya kila kaboni na kufuta nakala moja baada ya nyingine, halafu unarudi kupiga herufi palepale, si juu kidogo, si chini kidogo. Na hati ya kiapo ya mahakamani hufuti kabisa. Ukifuta, aliyeshuhudia kiapo lazima atie alama yake pembeni ya kila palipoguswa, la sivyo wakili wa upande wa pili anaidaka.

Kwa hiyo kosa lilikuwa ghali, na lilikuwa na mwenyewe.

Kompyuta tulizisikia kabla hatujaziona. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa nayo Nairobi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jirani zetu walipambana nayo kwa njia yao: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine iliyoletwa kwa hesabu za Hazina kuleta vurugu kuliko hesabu. Hapa kwetu hatukupiga marufuku. Iliingia polepole, na katika ofisi yetu, ambayo nitaiacha bila jina, ilifika mwaka 1993. Skrini ya buluu, herufi nyeupe, kitambaa cha kuifunika kama mtoto mchanga. Wachapaji watatu wakapelekwa mafunzo, nami nikiwemo. Tulijiona tumepanda cheo.

Mwaka uliofuata nikaletewa orodha ya majina na barua moja. Niliambiwa mashine inaweza kuichapa barua ileile kwa kila jina, nisirudie. Kweli ilifanya hivyo. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Zilikuwa barua za kutupunguza kazini, na kwa mara ya kwanza katika miaka 14 zilitoka barua ofisini pale bila herufi ndogo za mchapaji. Mkubwa alisema kompyuta haina haja ya mambo hayo.

Wenzangu walikwenda mlango kwa mlango wakiuliza ni nani aliyewaweka kwenye orodha. Kila mlango ulijibu: ni kompyuta. Nasi tukaamini. Mpaka leo ukikaa na wazee wa mji huu watakwambia kompyuta ndiyo iliyotufuta kazi. Lakini ukirudi nyuma utaona serikali ilikuwa imeanza mpango wa kupunguza watumishi wake mwaka 1993, ikisukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Matarishi walipunguzwa, na madereva na wapishi pia. Hakuna kompyuta iliyojua kupika. Mashine ilikuwa mahali pazuri pa kutupia lawama, kwa sababu haina uso.

Nilinunua taipureta kuukuu kwa sehemu ya kiinua mgongo, nikaweka meza. Ilikuwa kama kurithi meza ya ami. Baadaye zikaja saiba, na nilitarajia kufa njaa, lakini saiba nazo zikageuka meza za ami: kijana anamjazia mzee fomu, anamfungulia akaunti ya eCitizen, na ikifika tarehe 30 Juni foleni ya kuwasilisha ritani za ushuru inatoka mpaka nje. Niliweka kompyuta yangu mwenyewe, na printa moja yenye kelele. Kumbe watu hawakutaka kuachiwa mashine. Walitaka mtu akae kati yao na mashine.

Kisha akaja mpwa wangu. Alimaliza chuo kikuu, akapanga chumba Njoro na wenzake wawili, wakawa wanafanya kile wenyewe wanachoita akademiki raiting. Usiku kucha wanaandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza, maana mchana wa Marekani ni usiku wetu. Nilimkemea, nikamwambia huo ni uongo wa kulipwa. Akanijibu, "Shangazi, hata wewe uliandika barua ambazo si zako." Nikamwambia zangu zilikuwa na herufi mbili chini. Alicheka. Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, na kufikia mwisho wa 2023 wale wanafunzi walikuwa hawamhitaji tena. Akarudisha funguo za chumba.

Mnaweza kudhani mpwa wangu anaichukia mashine hiyo. Anaitumia kutwa. Na si yeye peke yake: ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 iliiweka Kenya mbele ya nchi nyingine zote ilizozipima, asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti wakiwa wametumia ChatGPT katika mwezi mmoja. Ilhali Mei 2023, mwendo wa saa chache kutoka hapa, wananchi wa Kericho waliteketeza mashine za kuvuna majani chai, na polisi wakapigana nao. Watu ni walewale wa Bonde la Ufa. Nimelifikiria sana jambo hili. Mashine ya chai inapita shambani mchana kweupe, unaona mstari wa akina mama waliokuwa wakibeba vikapu umefutika, na mashine haiwapi chochote. Hii ya simu imekaa mfukoni mwa huyohuyo inayemnyang'anya, inamtungia barua ya kuomba kazi. Utaichoma vipi? Utachoma simu yako.

Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza uwekezaji wa dola bilioni 1 ili kujenga kituo cha data Olkaria, karibu na Naivasha, katika kaunti yetu hii hii, kiendeshwe kwa mvuke wa ardhini ambao umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Hapa Bondeni watu waliuliza vibarua wangapi. Mimi niliuliza nani atajibu. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hakuitoza mashine. Alitafuta sahihi, kama mkubwa wangu wa zamani.

Juzi kaja kijana wa mtaani na simu mkononi. Anaomba nafasi ya kibanda cha viatu vya mitumba, barua ameshatungiwa na simu, anataka niiprinti tu. Niliisoma. Lugha safi kuliko yangu, kwa kweli, heshima tele, aya zimepangwa kama sahani. Ila ilikuwa imeandikwa kwa Karani wa Mji, Baraza la Manispaa ya Nakuru.

"Mwanangu, huyu karani hayupo tangu 2013, kaunti zilipoingia. Na hapa ni jiji tangu 2021."

"Mama Taipu, lakini imeandika vizuri."

"Imeandika vizuri kwa mtu ambaye hayupo."

Nikaichapa upya, nikabadilisha anwani, nikaongeza nambari ya kitambulisho ambayo simu ilisahau kumdai. Hela hamsini. Aliisoma yote, kidole kikifuata mstari, mpaka chini kushoto, akasimama hapo.

"Mh?" akasoma kwa sauti.

"Ni mimi. Wakikuuliza neno lolote ndani ya barua hii, uje nalo hapa."

Akaniuliza kama zinaongeza bei. Nikamwambia hapana.